Ufa wa zege na hesabu ya trela

Trela yenye kontena mbili inatoka Kilindini, inapita juu ya daraja, boriti inapinda kidogo na kurudi. Macho hayaoni kitu. Lakini kama boriti ina ufa, umefunguka ukafunga, na ncha yake imesogea mbele kiasi kidogo mno. Rudia hivyo mara mamilioni; huo ndio uchovu wa zege.

Fomula tunayotumia sisi wahandisi wa madaraja kukadiria ufa unavyokua ni ya Mmarekani Paul Paris, ya miaka ya 1960, na aliiandika kwa ajili ya metali. Inasema kasi ya ufa kwa kila mzunguko wa mzigo hufuata mabadiliko ya mkazo kwenye ncha yake, yakipandishwa kwa kipeo fulani. Kwa chuma cha pua au cha kawaida, kipeo ni kama 3. Kwa zege, vipimo vya watafiti Bažant na Xu vya 1991 vilitoa karibu 10.

Shika kikokotoo. Ongeza mkazo asilimia 10 tu. Kwenye chuma, 1.1 kwa kipeo cha 3 ni 1.33, yaani ufa unakwenda kasi mara 1.33. Kwenye zege, kwa kipeo cha 10, ni 2.6 hivi. Ongeza asilimia 20, unapita 6! Ndiyo maana matatu na tuktuk nazifuta kwenye hesabu bila huruma. Ninachotaka ni uzito wa ekseli za malori. Na anayekuletea ripoti isemayo daraja litadumu miaka 43 kamili, muulize mzigo aliupima vipi.

Ugumu mwingine ni kokoto. Ufa wa zege hauna ncha safi: mbele yake kuna vijiufa vingi, na nyuma kokoto bado zimeng'ang'ania pande zote mbili. Mtafiti Hillerborg wa Sweden na wenzake walitupa njia ya kuuhesabu mshiko huo mwaka 1976. Mizigo ya kurudiarudia huusaga polepole. Kwenye boriti ndogo ya maabara eneo hilo la vijiufa na mshiko hula sehemu kubwa ya kimo. Kwenye boriti ya daraja ni kipande tu. Kwa hiyo namba za maabara hazihamishwi hivihivi, lazima zirekebishwe kwa ukubwa.

Halafu kuna bahari, ambayo fomula ya Paris haiijui kabisa. Ufa unaofunguka na kufunga hufyonza maji ya chumvi kama pampu. Yakifika kwenye vyuma vilivyo ndani ya zege, kutu huvimba na kuupanua ufa hata usiku barabara ikiwa tupu. Kwa madaraja yetu ya pwani hesabu ya chumvi naifanya kwanza, maana mara nyingi chumvi ndiyo inayowahi kuliharibu daraja kabla ya uchovu.