Kisamvu, nyanya na mengine tunayodanganyana kuhusu mboga

"Nyanya ni tunda, si mboga." Mtaalamu wa mimea atakubali, na atakuongezea bamia, bilinganya na tango. Jikoni hoja hiyo haina kazi. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba nyanya ni mboga, kwa kuwa watu huila kama mboga. Mzozo wenyewe ulikuwa wa ushuru wa forodha.

"Viazi navyo ni mboga." Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na halihesabu viazi wala muhogo. Kwenye sahani ya chipsi, kinachohesabika ni ile kachumbari ya pembeni.

"Kisamvu hutwangwa ili kilainike tu." Hapa ndipo penye hatari. Jani la muhogo lina linamarini, ambayo ikivunjika hutoa sayanaidi, sumu kali. Ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya cha kuivunja, ila kila kimoja kimekaa mahali pake. Kinu ndicho kinachovikutanisha: ukitwanga hadi majani yasagike kabisa, sumu huanza kutoka kama gesi, na moto humalizia. Kwa hiyo kichemshe vizuri, sufuria ikiwa wazi, kabla hujatia nazi na karanga. Anayetumbukiza majani mazima kwenye maji yanayotokota anadhani amepunguza kazi, kumbe joto limeua kimeng'enya kabla hakijafanya lolote. Na kibichi hakiliwi, hata kwa jina la juisi.

"Bila magadi majani ya kunde hayaivi." Yanaiva, yanachelewa kidogo tu. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini C na B1. Kwenye mlenda nitamwelewa mtu. Kwenye mchicha, wa nini?

"Chukuchuku ndiyo afya." Karotini ya matembele na majani ya maboga, ambayo mwili huigeuza vitamini A, inahitaji mafuta ili ifyonzwe. Kijiko kimoja kinatosha, au tui, au karanga za kusaga.

"Mchicha unaongeza damu." Madini ya chuma yamo, ila mwili huyapata kwa shida kuliko yale ya nyama. Kamulia limau, vitamini C inasaidia sana. Chai ya rangi ya kushushia ugali ndiyo inayokurudisha nyuma. Inywe baadaye, chakula kikishatulia.