Spana ya gari siyo mbovu: uongo tunaoambizana kuhusu kubadili tairi

Mwezi wa kumi, msimu wa korosho umeshachanganya, malori yanapishana barabara ya Masasi, tukapata pancha katikati ya Mnazi Mmoja na Mtama huku Lindi, mimi na shemeji yangu tukiwa na Toyota IST yake. Kazi ya dakika ishirini ikatula masaa mawili na nusu. Na katika hayo masaa kila aliyepita alisimama kutusaidia (watu wa huku wana roho nzuri, hilo siwanyimi) na kila mmoja alikuwa na elimu yake ya tairi, na nusu ya hiyo elimu ilikuwa uongo ambao hata mimi nimeuamini miaka yote.

"Spana inayokuja na gari ni uchafu, itupe"

Hii nilisema mimi mwenyewe, nimeilalia spana mpaka jasho linaingia machoni na nati haijasogea hata nukta. Ukweli ni kwamba spana ile ni fupi kwa makusudi. Gari ndogo nyingi za Toyota nati ya tairi inatakiwa ikazwe kwa kama Newtoni-mita 103 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kukazia), na spana ya sentimita 25 ukiikandamiza kwa uzito wa kilo arobaini na kidogo ushafika hapo, yaani mtu wa kawaida kwa mikono yake tu. Kwaiyo nati iliyokazwa na spana ile inafunguka na spana ileile. Sasa ya kwetu ilikazwa na nani? Ilikazwa na fundi pancha na ile mashine ya upepo, trrrrrr, sekunde mbili, hakuna kupima, afu gari yenyewe inalala Shangani hatua chache kutoka baharini, chumvi usiku kucha, kutu inamalizia pale fundi alipoishia. Lawama tunampa spana wakati mwenye kosa katulia kijiweni anakunywa kahawa.

Dawa yake ni kipande cha bomba la chuma cha kama sentimita 60 unakichomeka kwenye mkono wa spana, nguvu ileile yako inakuwa zaidi ya mara mbili. Sukuma kwenda chini, usivute kuja juu maana mgongo ndo utalipa. Na hakikisha spana imeingia yote kwenye nati, ikiingia nusu inakula kona, na nati ikishakuwa mviringo hapo sasa ndo utajua hujui. Ila bomba ni la kufungulia tu jamani, kukazia rudi kwenye spana fupi.

"Nyanyua kwanza, ndo ulegeze nati"

Konda wa Coaster alishuka kabisa kutuambia hivi. Hapana. Tairi likiwa hewani linazunguka na spana, na ukianza kung'ang'ana nalo gari linateleza kwenye jeki. Legeza kila nati nusu mzunguko tairi likiwa bado chini, afu ndo unyanyue.

"Jeki ni jeki, weka popote"

Hapa ndo tulipoteza muda wa kijinga. Jeki ya mikasi imetengenezwa kwa ajili ya sehemu ngumu na tambarare, aliyeichora hakuwa anawaza pembeni ya barabara ya Lindi chini ya mikorosho. Kitako chake ni kama kiganja cha mkono, na juu yake kuna sehemu ya gari ya tani moja na kitu. Tunazungusha, tunazungusha, na ule msumari wake mwembamba wa kuzungushia unakuchuna vidole kila ukigeuza, tunaangalia gari halijapanda, jeki ndo inazama mchangani! Mpaka dogo mmoja akatuletea kipande cha ubao kutoka kwenye boma la jirani, tukaweka chini ya jeki, likapanda.

Na popote siyo popote. Chini ya kizingiti cha mlango kuna vialama viwili kama vimekatwa, jeki inakaa katikati yake, ukiweka pembeni bati linabonyea au linatoboka kama lina kutu. Handbreki weka, gia weka P, na bado tafuta mawe uzibe tairi la upande wa pili mbele na nyuma. Sisi tuliweka na matawi ya mkorosho barabarani kama kawaida, japo gari ilikuwa na kile kibao chekundu cha pembetatu kwenye buti, ila shemeji alikuwa hajui kipo. (Matawi mkimaliza yatoeni, bodaboda wanayakanyaga usiku.)

"Likigoma kutoka, ingia chini uligonge"

Huyu alikuwa mzee wa baiskeli, tukamwamkia vizuri, akatuambia, "Wanangu, ingieni huko chini na jiwe." Nati zote zimelegea ila rimu imegandia kwa kutu kwenye habu, pale kati linapofungwa tairi, imeshika kama imechomelewa. Ushauri wa heshima lakini ni wa kuulia watu, jeki ya mikasi haina ubavu wa kushika gari mtu akiwa chini analitikisa. Acha nati zishike uzi kidogo ili tairi lisikurukie, afu piga teke tairi kwa nje, mara chini mara juu, mara kushoto mara kulia. Likikataa kabisa, shusha gari na nati zikiwa zimelegea kidogo, sogeza mbele na nyuma hatua moja taratibu, litaachia. Na wakati gari liko juu laza tairi la spea chini ya ubavu wa gari, jeki ikichomoka gari linaangukia tairi na siyo mguu wako.

"Spea ipo, nimeiona kwenye buti"

Kuiona siyo kuipima. Ya shemeji ilikuwa ile nyembamba ya kiwandani, imeandikwa ubavuni kabisa psi 60 (kipimo cha upepo), karibu mara mbili ya tairi la kawaida la gari kama ile, tukabonyeza na kidole gumba ikaingia. Imetoka Japani, imepanda meli, imekaa chini ya zulia la buti na hakuna aliyewahi kuipa upepo. Nikaangalia zile namba nne za ubavuni: 3204. Maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2004, tairi lina umri wa kwenda kupiga kura! Ikabidi bodaboda ailaze kwenye siti aende nayo Mtama kujaza, hapo ndo saa nzima ikaondoka.

Na hiyo nyembamba siyo ya kufika nayo Dar. Mwisho wake kilomita 80 kwa saa, ni ya kukufikisha kwa fundi basi. Gari nyingine zinazoingia sasa hivi hazina hata hiyo, zina kichupa cha dawa ya kuzibia pancha na pampu ndogo, maandishi yote Kijapani, dawa yenyewe huenda ishaisha muda, na ubavu ukichanika haisaidii chochote. Wa Hiace na Hilux nyie spea yenu inaning'inia nyuma kwa cheni, jaribuni kuishusha leo mkiwa nyumbani, ikigoma igomee hapo.

"Paka grisi nati, kaza mpaka spana ilie"

Uongo wa mwisho. Grisi kwenye uzi inafanya ukaze kupita kiasi bila kujua, na ukikanyaga spana kwa mguu unavuta stadi, zile bolti zinazoshika nati, mpaka zinakatika. Upande wa nati uliochongoka uangalie ndani, kaza kwa mkingamo, yaani ukitoka nati moja unaruka ya upande wa pili, shusha, malizia kwa mikono, afu ukitembea kama kilomita 50 simama ukazie tena.

Mtama fundi akaziba pancha, bei ya kawaida, akainua mashine yake. Shemeji akamshika mkono: "Fundi, tumia spana." Jamaa akatuangalia kama tumetoka Msumbiji leo asubuhi, akauliza, "Sasa zikilegea njiani?" Shemeji akafungua buti kumwonyesha bomba, na ule ubao. Ubao wa watu, tuliondoka nao bila kukumbuka.