Kelele nyeupe ni nini, na kwa nini kichanga analala vizuri mvua ikipiga bati

Mvua ikipiga bati usiku kucha mtoto sio kwamba analala tu, anazama kabisa, hajishtui hata mara moja, alafu kesho yake hakuna mvua, nyumba iko kimya, watu wananyata kama wezi, kijiko kinadondoka jikoni na mtoto huyo kashakurupuka analia. Wengi wanasema ni kale kabaridi ka mvua. Baridi inasaidia kweli ila mi naona kazi kubwa inafanywa na ule mlio wenyewe, na mlio ule una jina, ni ndugu wa karibu kabisa wa kitu kinachoitwa kelele nyeupe.

Kelele nyeupe ni mlio mmoja usiopanda wala kushuka, hauna tyuni, hauna maneno, ni chwaaaaa moja kwa moja. Ukiwa na redio ya zamani ile ya kuzungusha, ukapita katikati ya stesheni mbili, ule mlio wa pale ndo wenyewe. Inaitwa nyeupe kwa kufananisha na mwanga, maana mwanga mweupe umebeba rangi zote ndani yake (ndo zile zinazojitokeza kwenye upinde wa mvua), na mlio huu nao umebeba sauti zote, kuanzia besi nzito mpaka zile nyembamba za kukwaruza, zote kwa nguvu sawa na kwa wakati mmoja. Ipo pia ya pinki, hiyo besi imezidi zile nyembamba na ndo inakaribiana zaidi na mvua. Na ipo ya kahawia, nzito zaidi, kama maporomoko ya maji ukiyasikia kwa mbali, ila hiyo haihusiani na rangi kabisa, ni jina la Mskoti Robert Brown ambaye mwaka 1827 aliangalia kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua zikichezacheza majini, na kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza ndo hilohilo kahawia watu wanadhani ni rangi. Mama mwenye kichanga asihangaike na rangi. Cha msingi mlio uwe uleule mfululizo, usiwe na vishindo.

Sa kwa nini kelele imlaze mtu wakati sisi tunatafuta kimya?

Kwa sababu kichanga kimya hakijui. Tunafikiri tumboni kuna utulivu, wakati kule damu ya mama inapita kwenye mishipa mikubwa, moyo unadunda, utumbo unanguruma, na mama akiongea sauti yake inashuka kupitia mwilini mwake mwenyewe. Kama uliwahi kuwekewa dopla kliniki, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, unakumbuka, kabla nesi hajaupata moyo wa mtoto unasikia kwanza fwaa, fwaa, fwaa, kama upepo unaopita kwenye bomba. Mi nilimuuliza nesi kama kifaa kibovu, akaniambia hapana, hiyo ni damu yako. Mtoto anaanza kuitikia sauti kwenye mwezi wa sita hivi wa ujauzito, kwahiyo mpaka anazaliwa keshakaa na hiyo fwaa fwaa miezi kadhaa, usiku na mchana, bila kukatika hata dakika. Alafu anatoka, tunamlaza kwenye chumba tulichofunga mlango na madirisha, tunamwambia kila mtu anyamaze. Kwake hicho ndo kitu kigeni.

Sababu ya pili ni kufunika. Mtoto mdogo haamshwi na kelele kama kelele, anaamshwa na badiliko la ghafla. Mlango ukibamizwa kwenye chumba kimya, ule mshindo unasimama peke yake, na kichanga ana ule mshtuko wake wa asili, mikono inatupwa pembeni vidole vimetanuka alafu anajikunja na kulia, unaoitwa Moro kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro. Lakini kama feni inavuma chumbani, mshindo uleule unamezwa kidogo, haumfikii kama kofi.

Na hii imeshapimwa. Mwaka 1990 ilitoka ripoti ya madaktari wa London waliochukua vichanga 40 wa kati ya siku 2 na siku 7, wakawagawa ishirini ishirini. Waliosikilizishwa kelele nyeupe, 16 kati ya 20 walilala ndani ya dakika tano, wale wasiosikilizishwa walilala 5 tu.

Mi niliamini siku ya umeme kukatika. Mtoto alikuwa na wiki tatu, panga boi linazunguka, amelala zake kwenye neti, mi nakunja nguo. Umeme ukakata. Panga boi likaanza kupunguza taratibu, fwap, fwap, fwap, likasimama, na pale lilivyosimama kabisa nikaona macho yanafunguka. Hakuna aliyeongea, joto lilikuwa bado halijaingia, kilichobadilika ni mlio tu. Nikambeba akaendelea kulia, mpaka mama mkwe akaja akasema, mwanangu mlete huku, akamlaza kifuani, mdomo karibu na kisogo, akaanza shhhhh, shhhhh, ndefu, huku anampigapiga mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, taratibu kama mtu anayetembea. Mwanzoni alipiga ile shhh kwa nguvu kulingana na kilio, mtoto alivyoshuka na yeye akashuka. Hajawahi kusikia habari za kelele nyeupe mama yule, ila ndo aliyokuwa anaifanya, na mapigo ya kiganja ni moyo. Bibi zetu wakimbeba mtoto mgongoni kwa mbeleko huku wanatwanga au wanafagia wanafanya vyote kwa mpigo, joto, mtikisiko, na sauti ya mama inayopita mgongoni.

Ndo maana nasema kama una nguvu, anza na sauti yako. Mtoto anazaliwa tayari anaijua sauti ya mama yake, hilo lilishaonyeshwa toka 1980 kwa vichanga wenye siku chache tu ambao walinyonya chuchu bandia kwa namna fulani ili wasikie sauti ya mama zao na sio ya mama mwingine. Wimbo wa kumbembeleza hauhitaji sauti nzuri, imba maneno matatu uyarudie, pole pole, na upunguze kila unavyorudia. Ila usiku wa tatu hujalala huwezi kuimba saa nzima, hapo simu au feni ikusaidie, hamna ubaya.

Ubaya unaanza kwenye sauti kubwa, na hapa naomba mnisikilize maana naona simu zinawekwa chini ya mto, karibu kabisa na sikio la mtoto. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walipima mashine 14 za kulalishia watoto, zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho. Hata zikiwa mita mbili, zote isipokuwa moja zilizidi desibeli 50 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kiwango kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga, na tatu kati yake zikiwekwa sentimita 30 zilizidi 85, ambayo kwa mtu mzima kiwandani ni mwisho wa kuvumilia kwa masaa nane. Sa fikiria sikio la mtoto wa wiki mbili usiku kucha. Weka simu upande wa pili wa chumba, angalau hizo mita mbili, sauti ya chini. Simama pale mtoto alipolala uongee kawaida, ukijikuta inabidi upaze sauti basi ni kubwa mno, punguza. Weka flaiti modi simu isiite, na usitumie video za mtandaoni zenye matangazo, maana katikati ya chwaaaa linaingia tangazo la kelele na kazi yote imeharibika. Rekodi za mvua zenye radi nazo hapana.

Alafu usitarajie alale mpaka asubuhi. Kichanga analala masaa 14 mpaka 17 kwa siku, ila vipande vipande, usiku na mchana bado havijui, na anatakiwa anyonye mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24. Akilia kwa njaa mnyonyeshe, usimfunike na kelele. Akilia kilio usichokizoea, akakataa ziwa, au mwili ukawa wa moto, hiyo sio habari ya usingizi, mpeleke kituo cha afya. Na alazwe chali, bila mto wala mablanketi yaliyojazana, hata kama sauti imemtuliza vipi.

Ukiona amefunga macho usikimbilie kuzima. Kichanga anaanza na usingizi mwepesi, macho yanazunguka chini ya kope, anatabasamu, anakunja uso, na ukizima hapo atafumbua. Subiri kama dakika 20, mnyanyue mkono kidogo uuachie. Ukikaza bado, acha iendelee. Ukidondoka kama kitambaa kilicholowa, ameshazama, punguza sauti kidogo kidogo mpaka uzime.