Kung'oa themostati si dawa ya gari kuchemsha
Gari likichemsha, mafundi wengi hukimbilia kung'oa themostati, eti maji yapite bila kizuizi. Inaniuma kuona hivyo. Themostati ni vali ndogo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta, yaani kipoza maji cha gari, mpaka injini ipate moto. Nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto na hunywa mafuta zaidi. Baya zaidi, kwenye baadhi ya injini njia ya mkato hubaki wazi, maji ya moto yakarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari likachemsha vilevile!

Ipime jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, washa jiko. Kabla maji hayajatokota, kile kisahani cha katikati kitasogea polepole. Kisiposogea, nunua mpya. Kikisogea, kosa liko kwingine: rejeta iliyoziba, feni, au mfuniko wa rejeta uliolegea.