Rangaku: elimu ya Kiholanzi iliyojengwa na Wajapani

Neno Rangaku lina vipande viwili. Gaku ni elimu au taaluma. Ran ni kifupisho cha Oranda, jina ambalo Wajapani waliliokota kwa Wareno, waliosema Holanda, kisha wakalibana hadi likakaa vizuri kinywani, kama sisi tulivyofanya hadi tukapata Uholanzi. Ukiunganisha unapata “elimu ya Kiholanzi”. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini inapotosha: humfanya msomaji aone Waholanzi wakiwa walimu na Wajapani wakiwa wanafunzi. Hawakuwa walimu hata kidogo. Walikuwa wafanyabiashara waliofuata shaba.

Wareno ndio waliotangulia kufika Japani, mwaka 1543. Waliuza bunduki na hariri, wakahubiri Ukatoliki, wakaacha na maneno. Karata tunazocheza huku na karuta wanazocheza Wajapani zimetoka kwa Mreno yuleyule, na tumbaku yetu ina ndugu yake kule, tabako. Lakini dini ndiyo iliyowaponza. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliiona kama mlango wa nyuma wa kuingiza wageni wa kuwapindua, na baada ya uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638, uliojaa wakulima Wakristo, Wareno walifukuzwa. Waholanzi hawakuwa na haja ya kumbatiza mtu. Katika uasi ule meli yao iliipiga mizinga ngome ya Wakristo hao, kwa kuombwa na serikali. Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, VOC kwa kifupi, ilijua inachokitaka.

Mwaka 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa kwa mkono ndani ya bandari ya Nagasaki, chenye umbo la upepeo uliofunguliwa. Urefu wake ulikuwa kama mita 120 na upana 75, yaani kupita uwanja wa mpira kidogo tu. Daraja moja, walinzi langoni, na ruhusa ya kutoka kwa nadra. Meli zilileta sukari, hariri na vitambaa; zilirudi na fedha, baadaye shaba, na vyombo vya kauri vilivyogombaniwa na matajiri wa Ulaya. Kila mwaka, na tangu 1790 kila baada ya miaka minne, mkuu wa kituo alisafiri hadi Edo, Tokyo ya leo, kumsujudia shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani, na kumpa zawadi. Pia aliwasilisha taarifa ya habari za dunia. Huo ndio uliokuwa ubalozi wao kwa zaidi ya miaka 200: gulio, heshima na umbea wa kimataifa.

Sasa elimu ilipitia wapi? Ilipitia kwa wakalimani wa Nagasaki, koo zilizorithishana kazi hiyo baba kwa mwana, na kwenye vitabu vilivyokuja na shehena. Mwaka 1720 shoguni Yoshimune alilegeza marufuku ya vitabu vya kigeni visivyogusa Ukristo. Mbegu ikaanza kuota.

Tukio linalokumbukwa kuliko yote ni la 1771. Waganga wawili, Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku, walikwenda kutazama maiti ya mhalifu aliyeuawa kwa hukumu ikipasuliwa huko Edo. Kila mmoja alikuwa amebeba kitabu kilekile cha Kiholanzi chenye michoro ya mwili. Wakalinganisha picha na viungo, wakaona vinalingana, na vile walivyofundishwa na vitabu vya Kichina havilingani. Wakaamua kukitafsiri. Ryotaku alijua maneno ya Kiholanzi kiasi cha kubabaisha; Genpaku hakujua kitu. Hawakuwa na kamusi ya kueleweka. Baada ya miaka mitatu, mwaka 1774, tafsiri ilichapishwa.

Hapo ndipo ninapoona utamu wa Rangaku. Kwa kitu ambacho lugha yao haikuwa na jina lake, walilazimika kulitunga. Mishipa ya fahamu wakaiita shinkei, kwa kuunganisha neno la roho na neno la njia. Neno hilo bado liko hospitalini Japani hadi leo. Nasi tulipofika hapohapo tulikwenda mkondo uleule: mishipa, halafu fahamu. Na chekesho ni kwamba kitabu kile hakikuwa hata cha Mholanzi. Mwandishi wake, Kulmus, alikuwa Mjerumani, na Waholanzi walikitafsiri tu. Von Siebold, daktari wa Dejima aliyefungua shule Nagasaki mwaka 1824, naye alikuwa Mjerumani. Uholanzi ulikuwa dirisha. Upepo ulitoka Ulaya nzima.

Waholanzi nao walipata chao. Makusanyo ya Siebold yaliishia Leiden, na chuo kikuu cha mji huo kikapata profesa wa lugha ya Kijapani mwaka 1855.

Kufikia wakati huo dirisha lilikuwa linapoteza kazi. Manowari za Marekani zilifika mwaka 1853, na mazungumzo na Wamarekani yalipita kwa Kiholanzi, maana ndiyo lugha ya Ulaya waliyoijua wakalimani. Miaka sita baadaye Fukuzawa Yukichi, kijana aliyesomea Kiholanzi Osaka kwa jasho, alishuka Yokohama kujaribu elimu yake kwa wageni. Hakuweza kusoma hata vibao vya maduka. Vilikuwa vya Kiingereza. Akarudi nyumbani amevunjika moyo, kisha akaanza upya na Kiingereza. Mwaka 1860 alivuka bahari kwenda San Francisco, ndani ya Kanrin Maru, meli iliyoundwa Uholanzi.