Chama cha umwagiliaji: maana yake na kazi zake

Chama cha umwagiliaji ni chombo cha wakulima wanaopata maji kutoka banio moja, yaani kizuizi kinachoyaelekeza maji ya mto mferejini, na kuyagawana kupitia mifereji ya pamoja, ambacho wanachama wake wamekipa dhamana ya kupanga zamu za maji, kukusanya ada, kutunza mifereji na kusuluhisha migogoro inayotokana na matumizi ya maji hayo. Tanzania Bara, vyama hivi vinatambuliwa na Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya mwaka 2013, sheria iliyounda pia Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Serikali au mfadhili anaweza kujenga banio na mfereji mkuu, lakini uendeshaji wa kila siku huachiwa chama.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulielewa ni kwamba chama hakimiliki maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema kuwa maji yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachotolewa na bodi ya maji ya bonde ni kibali cha kutumia maji, chenye kiasi na masharti yake. Kwa hiyo mali halisi ya chama ni zamu, yaani haki ya kusema ni nani afungue maji leo, kwa muda gani, na nani asubiri. Chama kilichopoteza mamlaka juu ya zamu kinabaki na katiba, muhuri na daftari la wanachama, wala hakuna kinachoweza kukiokoa, hata mifereji yake ikiwa imesakafiwa kwa zege mpaka mwisho.

Wengi huchanganya chombo hiki na vingine viwili vinavyofanana nacho. Jumuiya ya watumia maji huundwa chini ya sheria ya maji ya 2009 na huwakutanisha watumiaji wote wa mto au kijito, wakiwamo wakulima, wafugaji na wanaochota maji ya nyumbani, ilhali chama cha umwagiliaji kinaishia ndani ya skimu, yaani eneo la mashamba linalonyweshwa na mifereji hiyo ya pamoja. Ushirika wa mazao, ambao wengi wanauita AMKOSI, huandikishwa chini ya sheria ya vyama vya ushirika na kazi yake ni pembejeo, mikopo na kuuza mazao. Mkulima mmoja anaweza kuwa mwanachama wa vyombo vyote vitatu, na mara nyingi huwa hivyo, lakini ada anayolipa kila mahali ina kazi yake. Fedha ya kusafisha mfereji ikitumika kununua mbolea, mfereji utajaa tope kabla mbolea haijalipwa.

Ugawaji wa maji wenyewe haukuanza na sheria. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya asili inayotoa maji kwenye makorongo ya juu na kuyafikisha vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, na kila mfongo ulikuwa na uongozi wake, kanuni zake na siku zake za kazi ya pamoja. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yakiwa na nguvu ya kufika mashambani, kwa kuwa kijito chenyewe ni chembamba mno na maji yake yangezama ardhini njiani. Msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyehudhuria hutozwa faini, bado ndio njia inayotumiwa na vyama vingi kusafisha mifereji kabla ya msimu. Chama cha kisasa kimeongeza juu ya utaratibu huo usajili, akaunti ya benki na kibali cha maji.

Ili kuona kwa nini zamu ni jambo zito, tazama hesabu ya jaruba la mpunga, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili kishike maji. Kina cha sentimita 10 za maji juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 1,000, yaani lita milioni 1. Mfereji unaotoa lita 20 kwa sekunde utahitaji karibu saa 14 kuyafikisha hayo, bila kuhesabu yanayozama ardhini na yanayovuja kwenye kingo. Wakati wa kuchavanga, yaani kuvuruga udongo ndani ya maji kabla ya kupandikiza, mahitaji huwa makubwa zaidi, kwa sababu udongo mkavu na wenye nyufa hunywa kwanza ndipo maji yasimame juu yake. Ikiwa wakulima wote watachavanga wiki moja, hakuna mfereji utakaowatosheleza. Hivyo chama kinachojua kazi yake hugawa skimu katika vitalu, kikapanga kitalu kipi kianze kuotesha miche, kipi kifuate, na tarehe ambayo baada yake hakuna atakayeruhusiwa kupandikiza. Mgawa maji, ambaye ni mtu wa chama na si wa serikali, huzunguka na funguo za malango, na ndiye anayetukanwa zaidi kuliko kiongozi mwingine yeyote, hasa usiku, kwa kuwa usiku ndipo malango hufunguliwa kwa siri.

Mwathirika wa kwanza wa uzembe ni mkulima wa mwisho wa mfereji. Wa mwanzo anaona maji yakipita mbele ya shamba lake saa zote, na kwake kuzidisha kidogo hakuonekani kuwa wizi. Mtu anayetaka kupima uhai wa chama asianze na ofisi wala taarifa ya mwaka. Aende mpaka jaruba la mwisho, aone kama lina maji, kisha aulize kama mwenye jaruba hilo analipa ada. Asipopata maji hatalipa. Asipolipa fedha ya ukarabati itapungua. Na mfereji usipokarabatiwa, maji yatazidi kuishia juu.

Historia ya skimu ya Lower Moshi, kusini mwa mji wa Moshi, inaonyesha kuwa mpaka wa chama unaweza kuwa mdogo kuliko tatizo lake. Skimu hiyo ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikichukua maji ya mito ya Njoro na Rau, na mpunga wake uliwapa wakulima mavuno makubwa ambayo hayakuwa yamezoeleka eneo lile. Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa shida: wakulima walio juu ya mabanio, wakiona faida, nao walifungua majaruba yao na kuyaelekeza maji huko, na eneo la skimu lililoweza kupandwa mpunga likapungua. Wakulima wa chini walikuwa na mifereji bora na malango ya chuma, lakini hawakuwa na kauli juu ya mtu aliyechepusha mto kilomita kadhaa juu yao. Suluhu ya mgogoro wa namna hiyo haiko mikononi mwa chama kimoja. Hapo ndipo jumuiya ya watumia maji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani zinapohitajika.

Njia nyingine ni kupunguza mahitaji badala ya kugombania maji. Kilimo shadidi cha mpunga, ambacho hupandikiza miche michanga, mmoja mmoja na kwa nafasi, huacha jaruba likauke kwa siku chache kisha likanyweshwa tena, badala ya kulijaza maji msimu wote. Hata hivyo mkulima mmoja hawezi kukifuata peke yake ikiwa hana uhakika wa zamu inayofuata. Anayeogopa kuwa maji hayatarudi atayajaza majaruba yake yote leo, na hakuna bwana shamba atakayemshawishi afanye vinginevyo. Unakausha jaruba kwa hiari pale tu unapoiamini ratiba. Vivyo hivyo kwa mazao ya baada ya mpunga, kama maharage, mahindi au mboga, ambayo hutumia maji kidogo na ambayo chama kinaweza kuyatenga kwa vitalu vilivyokosa zamu ya mpunga.

Sehemu inayosahauliwa mno katika katiba za vyama ni malisho. Skimu nyingi zimejengwa mabondeni, na mabonde hayo ndiyo yaliyokuwa malisho ya kiangazi. Mifugo itakuja, iwe chama kimepanga au hakikupanga. Ikija bila utaratibu hukanyaga kingo, hubomoa matuta na kuchafua maji ya mfereji mkuu. Ikipangiwa, mambo ni mengine. Chama kinaweza kujenga mbauti, yaani mabirika ya kunyweshea mifugo, pembeni, zinazolishwa kwa bomba kutoka mfereji mkuu, kikaacha njia ya mifugo isiyokatiza vitalu, na kikatangaza tarehe ambayo mifugo inaruhusiwa kuingia kula mabua baada ya kuvuna. Nionavyo mimi, sheria ndogo isiyotaja tarehe hiyo imejiandalia kesi.

Mabua na majani ya mpunga yenyewe ni mali. Kwenye vihamba vya juu ng'ombe wengi hufugwa ndani na kukatiwa majani, na wakati wa ukame mabingobingo hayatoshi, hivyo lishe hupandishwa kutoka tambarare kwa malori na matrekta. Majani ya mpunga ni lishe duni yakilishwa peke yake, kwa kuwa protini yake ni ndogo, lakini yakichanganywa na mashudu au pumba humvusha ng'ombe mpaka mvua. Bado wakulima wengi huyachoma palepale shambani ili kuharakisha msimu unaofuata. Chama chenye banda la kuyahifadhi na utaratibu wa kuyafunga robota kingeweza kuyauza kwa pamoja na kutenga sehemu ya fedha hiyo kwa ukarabati wa banio, mahali ambapo ada ya maji, inayopangwa na wanachama wenyewe na kwa kawaida ikapangwa chini, haifiki.