Je, wajua kwa nini mpapai mwingine huchanua mwaka hadi mwaka bila kuzaa?

Katika mashamba na nyua nyingi za Afrika Mashariki hukosi kuona mpapai mnene, wenye majani mapana na afya isiyo na dosari, unaoning'iniza vishada virefu vya maua yanayonukia, na ambao haujawahi kumpa mwenyewe hata papai moja. Mwenye mti huanza kwa kuulaumu udongo, kisha humlaumu aliyemuuzia mche, na mwishowe, kwa ushauri wa majirani, hupigilia msumari kwenye shina au hukata kilele akitumaini kwamba mti utatii. Mti huo hauna ugonjwa wala ukaidi wowote. Ni mpapai dume, na kazi ya uzazi iliyo juu yake unaitimiza kila siku unapochanua.

Mimea mingi inayotoa maua hubeba viungo vya kiume na vya kike ndani ya ua moja, au walau juu ya mti mmoja. Ni takriban asilimia 5 hadi 6 tu ya aina zote za mimea hiyo ambazo zimetenganisha kabisa miti ya kiume na ya kike. Mtende ni mmoja wao, na ndiyo maana wakulima wa Oman na Ghuba yote hupanda juu ya mitende ya kike kila msimu na kuipachika vishada vya maua ya kiume, kazi iliyofanywa kwa maelfu ya miaka. Mpapai umekwenda mbali zaidi, kwa kuwa una jinsia tatu. Mpapai jike hutoa maua makubwa yaliyokaa karibu na shina, na ndani ya kila ua mna ovari, kifuko kinachokuja kuwa tunda, iliyojaa ovuli changa, yaani vijichembe vinavyokuja kuwa mbegu. Dume hutoa maua madogo na membamba, mengi mno, juu ya vikonyo vinavyoweza kuzidi nusu mita, nayo yana stameni, viungo vya kiume vinavyotengeneza chavua, yaani unga wa uzazi wa ua. Wa tatu ni huntha, ambao ua lake moja lina stameni na ovari kwa pamoja, na kwa hiyo huweza kujirutubisha wenyewe.

Chembe za chavua haziwezi kutembea, na hapo ndipo linapoanza jambo ambalo kwangu ni la kustaajabisha kuliko yote katika mti huu. Maua ya kiume yana mbochi, yaani maji matamu ya ua, na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu huyatembelea giza linapoanza kuingia. Maua ya kike hayana mbochi hata tone. Nondo hulitembelea ua la kike kwa kukosea tu, akidhani ni la kiume, na kabla hajagundua kwamba amedanganyika, chavua aliyoibeba mwilini huwa imekwisha kugusa stigma, ncha ya kike inayopokea chavua. Kwa sababu madume yana maua mengi na majike yana machache, nondo hapati hasara kubwa kiasi cha kuacha kabisa desturi hiyo. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson, walioyachunguza mashamba ya mipapai nchini Kenya, walionyesha kwamba nondo hao huhitaji uoto wa asili ulio karibu, hivyo mkulima anayefyeka kichaka cha mwisho pembeni mwa shamba lake huweza kuwa anapunguza mapapai bila kujua.

Chembe ya chavua inapotua juu ya stigma, huota mrija mwembamba unaoteremka hadi kwenye ovuli, ukibeba seli mbili za kiume. Moja huungana na seli ya yai, na muungano huo ndio unaokuwa kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu. Ya pili huungana na viini viwili vilivyomo katika ovuli hiyohiyo, ili kutengeneza akiba ya chakula cha kiinitete. Kila mbegu nyeusi unayoikuna kutoka katika papai lililokatwa ni ushahidi wa chembe moja ya chavua iliyofika salama, na papai moja huweza kuwa na mamia ya mbegu. Uchavushaji ukiwa hafifu, mbegu huwa chache na tunda hudumaa.

Kiini cha jambo hili ni kilekile kwa viumbe wengi: seli mbili, kila moja ikiwa na nusu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli), huungana na kurudisha idadi kamili. Seli za kawaida za mpapai zina kromosomu 18, lakini seli zake za uzazi zina 9. Za binadamu zina 46, na yai au mbegu ya kiume ina 23. Hata hamira tunayoumulia maandazi, kiumbe cha seli moja, huweza kufanya hivyo: seli mbili zenye kromosomu 16 kila moja huungana na kuwa na 32, kisha baadaye hugawanyika tena na kurudi 16. Katika hamira hakuna dume wala jike, kwa maana seli zote mbili ni sawa kwa ukubwa. Zipo tu za aina mbili, na seli huungana na ya aina isiyo yake. Tofauti ya dume na jike huanza pale seli moja inapokuwa kubwa na yenye akiba, na nyingine kuwa ndogo na nyingi.

Ni nini basi kinachoamua mche wa mpapai uwe wa jinsia gani? Si kila kiumbe hutumia kromosomu kwa kazi hiyo. Kasa wanaotaga katika fukwe zetu, kwa mfano, huamuliwa na joto la mchanga, ambapo mchanga wa moto zaidi hutoa majike. Mpapai hufuata utaratibu unaofanana na wetu. Jike ana kromosomu X mbili, dume ana X na Y, na huntha ana X pamoja na aina nyingine ya Y. Mwaka 1938 watafiti Hofmeyr wa Afrika Kusini na Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi jinsia hizo zinavyorithiwa, na mwaka 2004 wanasayansi walitangaza kwamba Y ya mpapai ni kromosomu changa. Inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 7 hivi, ilhali ya binadamu ina zaidi ya milioni 100. Hata hivyo uchanga huo haujaizuia kupoteza jeni muhimu, yaani vipande vinavyobeba maagizo ya urithi: kiinitete cha mpapai chenye Y mbili bila X hufa, kama ambavyo kiinitete cha binadamu kisicho na X hakiwezi kuishi.

Kutokana na hilo, hesabu za mkulima zinaeleweka. Mbegu za jike aliyechavushwa na dume hutoa takriban nusu madume na nusu majike, wakati mbegu za huntha aliyejirutubisha hutoa huntha wawili kwa kila jike mmoja, na dume hatokei kabisa. Papai la huntha huwa refu lenye nyama nene, nalo la jike huelekea kuwa la mviringo lenye uwazi mkubwa ndani, na kwa kawaida soko hulipendelea lile refu. Uchunguzi wa jeni unaonyesha kwamba Y ya huntha ilitokana na Y ya dume kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, katika Amerika ya Kati, ambako ndiko asili ya mti huu, na inaelekea wakulima wa huko ndio walioichagua na kuieneza. Kwa hiyo mpapai dume tunaoudharau ndio wenye tabia ya mwituni, na huntha anayesifiwa sokoni ni kazi ya mikono ya watu.

Na msumari je? Haubadilishi kromosomu za mti. Ukweli ni kwamba baadhi ya mipapai dume, hali ya hewa inapobadilika, hutoa maua machache yenye ovari, na hapo huonekana vipapai vikining'inia kwenye vikonyo virefu; yakitokea hayo baada ya msumari, msumari hupewa sifa isiyo yake. Mkulima anayepanda majike huacha dume mmoja kwa majike kumi hivi na kung'oa wengine. Jinsia ya mche mchanga haijulikani kwa macho, bali kwa kipimo cha maabara cha DNA, na kwa kuwa wakulima wengi hawana kipimo hicho, hupanda miche mitatu katika kila shimo, husubiri maua ya kwanza yatokee baada ya miezi michache, kisha huacha mmoja wanaoutaka.